Huduma ya kuacha tumbaku kwenye kliniki ya presha na kisukari: tuanzie wapi?

Muuguzi_Kaskazini

Assalaam alaykum wenzangu wa afya.

Kituo chetu ni cha kijijini, kaskazini Unguja. Siku ya kliniki ya presha na kisukari wanakuja wagonjwa kama 60, wauguzi wawili na daktari msaidizi mmoja. Tumetakiwa tuingize huduma ya kuwasaidia watu waache tumbaku. Kilichopo kwa sasa ni neno "acha sigara" mwisho wa maongezi, mgonjwa anajibu "inshaallah", anachukua dawa zake, anaondoka.

Mashine ya kupima moshi kwenye pumzi hatuna. Na wagonjwa wenyewe ni mchanganyiko: wavuvi wa dagaa wanaovuta usiku kucha, wazee wa tambuu, vijana wa mahoteli ya Nungwi na Kendwa wenye vepu (sigara za umeme). Naomba mambo ya vitendo. Tuulize nini, tuandike wapi, dozi zipi, na mgonjwa afuatiliwe na nani? Jee, Ramadhani tunafanyaje?

---

Tabibu_Kusini

Wa alaykumu salaam dada.

Msifungue kliniki mpya wala daftari jipya, litalala kabatini. Suali lihamieni meza ya vipimo, pale pale mgonjwa anapofungwa mkanda wa presha. Chongesheni muhuri wa mpira, ugongwe kwenye kadi chini ya presha na uzito. Nafasi zake ziwe tano tu: anatumia / aliacha / hajawahi, aina, dakika tangu kuamka hadi anapotumia mara ya kwanza, siku ya kuacha, namba ya simu. Kadi isiyo na muhuri isipokelewe chumba cha daktari, irudi mezani. Hilo la kurudisha ndilo linaloifanya kazi iendelee. Bila hilo, wiki ya tatu muhuri haugongwi tena.

Namna ya kuuliza ina uzito. "Unavuta sigara?" ni suali bovu. Anayenunua moja moja dukani hajihesabu kuwa mvutaji, na anayetafuna atakwambia "sivuti" na hajasema uongo. Ulizeni hivi: "Tangu jana asubuhi mpaka sasa, umetumia tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta, ya kutafuna, ya kunusa, shisha au vepu?" Wanawake na vijana waulizwe peke yao. Mbele ya mama mkwe au baba mzazi jibu linajulikana kabla hujauliza.

Kupima uraibu, masuali mawili yanatosha. La kwanza, baada ya kuamka unavuta ya kwanza baada ya muda gani: ndani ya dakika 5 alama 3, dakika 6 hadi 30 alama 2, dakika 31 hadi 60 alama 1, zaidi ya hapo 0. La pili, ngapi kwa siku: 10 au chini yake 0, 11 hadi 20 alama 1, 21 hadi 30 alama 2, 31 na zaidi alama 3. Jumla 0 hadi 2 ni uraibu mdogo, 3 na 4 wa kati, 5 na 6 mkubwa. Kwa watu wetu mimi naliamini zaidi suali la kwanza. Anayenunua moja moja, idadi yake huamuliwa na mfuko, na wapo wanaopokezana sigara moja watu watatu. Lakini aliyevuta kabla hajanawa uso, uraibu wake ni mkubwa hata akisema ni nne tu kwa siku.

Ushauri wenyewe ni sekunde 30 hadi dakika 3. Ndivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 ulivyoweka, kwa kila anayetumia tumbaku katika kila kituo. Uufunge na maradhi yaliyomleta siku hiyo. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni aambiwe habari ya mishipa ya miguu yake. Saratani ya mapafu haimuingii, kwake ni jambo la mbali. Kisha msimuulize "uko tayari kuacha?", kwa sababu jibu lake ndiyo hilo "inshaallah". Sema: "Msaada upo, na leo tunaanza. Jumamosi ijayo iwe siku ya kuacha, au unataka Jumatatu?" Anayekataa abaki na mlango wazi. Aulizwe tena kliniki ijayo kwa maneno mawili, bila mawaidha.

Siku ya kuacha isipite wiki mbili mbele. Ikienda mwezi, haipo.

Kufuatilia: simu siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha, maana hapo ndipo kiu ya tumbaku inapopanda kileleni, kisha mwisho wa wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi, miezi mitatu. Mkikosa nguvu, fanyeni ile ya siku ya tatu na ya wiki ya kwanza, nyengine zifuate siku zake za kliniki. Apige muuguzi yule yule aliyempangia siku. Msipige baina ya magharibi na isha, mtawakosa.

Mashine isiwazuie kuanza. Ni nzuri kwa kumuonesha mtu namba ikishuka, lakini inapima moshi tu. Mwenye vepu na mwenye tambuu itamsoma kama hatumii kitu.

---

Mfamasia_Pemba

Naongeza upande wa dawa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu, na mara nyingi kosa ni dozi ndogo.

Plasta ya nikotini: anayevuta zaidi ya 10 kwa siku aanze 21 mg kila siku kwa wiki 6, kisha 14 mg wiki 2, kisha 7 mg wiki 2. Anayevuta 10 au chini yake aanze na 14 mg. Kwa hesabu ya stoo, kozi kamili ya mvutaji mzito ni plasta 70: 42 za 21 mg, 14 za 14 mg na 14 za 7 mg. Agizeni kwa kozi. Mgonjwa mmoja akimaliza 70 ni bora kuliko watano waliopewa 14 kila mmoja wakarudia. Ila kwa mkono wa kwanza mpeni za wiki mbili tu, aje kuchukua nyengine, mpate kumuona.

Plasta hubandikwa asubuhi, ngozi kavu isiyo na nywele: juu ya mkono, kifua, mgongo. Kesho yake pahala pengine. Kwetu inabanduka kwa mambo mawili, jasho na mafuta ya nazi. Apake mafuta baada ya kubandika, na sehemu ile aiache. Akishaiweka aibane kwa kiganja sekunde 10. Mwenye ndoto mbaya au anayekosa usingizi aivue akilala, avae mpya alfajiri. Iliyotumika bado ina nikotini, aikunje gundi kwa gundi na kuitupa mbali na watoto.

Chingamu: anayevuta ndani ya dakika 30 za kuamka apewe 4 mg, mwengine 2 mg. Wiki 6 za mwanzo moja kila saa 1 hadi 2, isipungue 9 kwa siku, isizidi 24. Wiki ya 7 hadi 9 moja kila saa 2 hadi 4. Wiki ya 10 hadi 12 moja kila saa 4 hadi 8. Na haitafunwi kama pipi. Anatafuna polepole mpaka apate ladha ya pilipili au muwasho, anaiweka baina ya shavu na ufizi, ladha ikiisha anatafuna tena kidogo, anahamisha upande. Nusu saa kwa moja. Akitafuna mfululizo, nikotini yote anaimeza: kwikwi, kiungulia, kichefuchefu, na kiu iko pale pale. Huyo ndiye atakayerudi kusema dawa haifai.

Tena, dakika 15 kabla yake na wakati iko mdomoni asinywe kahawa, soda, juisi ya ukwaju wala ndimu. Mdomo wenye asidi haufyonzi nikotini. Mtu akikaa kibarazani na kikombe cha kahawa na chingamu shavuni, hapati kitu.

Kwa mwenye jumla ya alama 3 na kuendelea katika yale masuali mawili, plasta na chingamu pamoja: plasta inashika msingi wa siku nzima, chingamu inashughulikia kiu ya ghafla. Vinafanya kazi vizuri zaidi pamoja kuliko kimoja peke yake.

Vareniklini, kidonge cha kuachia tumbaku kisicho na nikotini, ikipatikana: 0.5 mg mara moja kwa siku, siku ya 1 hadi 3, 0.5 mg mara mbili, siku ya 4 hadi 7. Kisha 1 mg mara mbili mpaka wiki ya 12. Sigara inaachwa siku ya 8. Amezee chakula na gilasi nzima ya maji, kichefuchefu ndiyo sababu kubwa ya kuitupa. Nyie wa kisukari angalieni figo: usafishaji wa kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ukiwa chini ya 30 ml kwa dakika, mwisho ni 0.5 mg mara mbili.

Bupropioni, kidonge chengine cha kuachia tumbaku, ni 150 mg mara moja kwa siku 3, kisha mara mbili kwa wiki 7 hadi 12, ianze wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha. Asipewe aliyewahi kuanguka kifafa, wala anayeacha pombe au diazepamu ghafla. Kwa hiyo vijana wanaotoka sober house (nyumba za kuachia ulevi na dawa za kulevya) waulizwe vizuri. Mgonjwa wa TB aliye kwenye rifampisini, dawa hii inashuka damuni, mtafutieni nyengine.

Plasta na chingamu zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, vareniklini na bupropioni tangu 2021. Andikeni hilo kwenye barua ya maombi ya dawa, linasaidia. Wajawazito na wenye umri chini ya miaka 18 msiwape vidonge hivi viwili. Mjamzito aanze kwa ushauri peke yake, plasta au chingamu daktari aamue.

---

Meno_na_Kinywa

Kwenye muhuri, hapo "aina", msiandike tambuu peke yake. Ulizeni ndani ya tambuu mna nini. Jani, popoo na chokaa bila tumbaku ni hadithi moja. Ukitia tumbaku ni nyengine. Na kuberi, tumbaku ya mdomoni ya kipakiti, usiulize kwa jina la tumbaku, vijana wengi wanaiona kama kitu cha kusafisha kinywa. Waambie wakuoneshe kipakiti.

Chokaa hapo haikai bure. Inaondoa asidi mdomoni na nikotini inapita upesi kwenye ngozi ya shavu. Ni kinyume cha ile kahawa aliyoitaja mfamasia. Ndiyo maana mzee anayeweka tonge la tumbaku na chokaa mara nane kwa siku ana uraibu wa kweli, ingawa nyumbani wanauita mazoea. Alama zake za uzito: anaweka ndani ya nusu saa ya kuamka, analala nalo mdomoni, anameza maji yake. Akiwa na mbili katika hizo, mhesabuni kama mvutaji mzito.

Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani ya kinywa, na inakaza ngozi ya mashavu mpaka mdomo haufunguki. Mpimeni kwa vidole vyake mwenyewe: vitatu vilivyosimama viingie baina ya meno ya mbele. Vikiingia viwili au pungufu, apelekwe kwa daktari wa meno. Vivyo hivyo doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, au kidonda kilichopita wiki mbili. Taa ya simu na kijiti cha ulimi vinatosha, dakika moja kwa mtu. Wekeni hilo siku ile ile mnayowaangalia miguu.

Huyo mwenye mdomo uliokaza, au asiye na magego, chingamu haimfai. Mpeni plasta. Na ushahidi wa plasta na chingamu kwa watafunaji si mzito kama ulivyo kwa wavutaji. Vareniklini ina nafasi nzuri zaidi kwao, kama ipo. Bila dawa, wengi wanaweza kushuka kwa hatua: kwanza waondoe tonge la usiku, kisha la baada ya kula, la asubuhi liwe la mwisho. Kitu cha kuweka mdomoni badala yake, karafuu moja au hiliki. Pakiti ya pipi kwa mgonjwa wa kisukari, hapana.

---

Muuguzi_Kaskazini

Ahsanteni sana, muhuri nishauelewa. Yamebaki wavuvi, vepu na Ramadhani. Na suali moja linalojirudia: mtu kavuta akiwa na plasta, anaambiwa na watu kuwa moyo utasimama. Aivue?

---

Tabibu_Kusini

Asiivue. Kuvuta sigara moja juu ya plasta hakusimamishi moyo. Nikotini ikizidi ataona kichefuchefu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Kumvua plasta ndiko kunakomrudisha kwenye pakiti. Abaki nayo, na nyie muulizeni sigara ile ilikuja saa ngapi na nani alimpa. Ikiwa anavuta kila siku juu ya plasta, basi dozi haitoshi, ongezeni chingamu. Uangalifu uwe kwa aliyepata shambulio la moyo ndani ya wiki mbili, au mwenye mapigo yasiyo na mpangilio: huyo aamue daktari wake, ingawa hata kwake sigara ni mbaya kuliko plasta.

Wavuvi wa dagaa wanafuata giza, kwa hiyo kalenda yenu iwe ya mwezi. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, wanapumzika. Siku ya kuacha iwekwe mwanzo wa mapumziko hayo, ili zile siku tatu nne ngumu zipite akiwa nchi kavu, karibu na simu. Akirudi baharini awe na plasta mwilini na chingamu kwenye kopo lenye mfuniko, maana maji ya chumvi yanaziharibu. Wanavuta kwa usingizi na baridi. Chupa ya chai ya tangawizi inasaidia kwa baridi, na kwa usingizi apange zamu na wenzake. Mpate nahodha kwanza. Chombo ambacho nahodha havuti, kazi imekuwa nusu. Wanaokwenda dago (kambi ya uvuvi mbali na kwao) wapewe dawa za kipindi chote, wala msiwaambie warudi baada ya wiki.

Vepu: tazameni kifaa chenyewe, soma namba. 20 mg/ml ni nguvu ya kati, 50 mg/ml, ambayo mara nyengine huandikwa 5%, ni kubwa sana. Vyenye chumvi ya nikotini havichomi koo, kwa hiyo kijana anavuta tangu anaamka mpaka analala na hajui amevuta kiasi gani. Muulize kifaa kimoja kinamaliza siku ngapi, na anavuta ya kwanza lini. Njia mbili. Ashushe nguvu hatua kwa hatua, 50 kwenda 20, kwenda 10, kila hatua wiki mbili hivi, na wakati huo huo afunge mahali: chumbani kwanza, kisha kazini. Ubaya wake, wengi wakishusha nguvu wanavuta mara nyingi zaidi. Mkiona hivyo, njia ya pili, aache moja kwa moja kwa plasta na chingamu kama mvutaji aliye na alama zile zile. Anayevuta sigara na vepu pamoja, siku ya kuacha iwe moja kwa vyote.

Na wodini, vepu ni moto kama sigara. Karibu na mtungi wa oksijeni isiwepo.

---

Mfamasia_Pemba

Kuhusu Ramadhani, kwetu ni fursa iliyo wazi na mara nyingi inapotea. Mtu anakaa saa 13 na zaidi bila moshi, tena siku 29 au 30, halafu akishafuturu anavuta tatu mfululizo. Kazi yote iko baina ya futari na daku.

Mpangieni siku ya kuacha iwe ya kwanza ya mfungo, aje kliniki mwishoni mwa Shaabani. Chingamu inavunja funga, kwa hiyo ni ya usiku tu: moja nusu saa baada ya futari, na baada ya hapo kila saa 1 hadi 2 mpaka daku. Plasta ya kubandikwa wakati wa daku masheikh wengi wanairuhusu, kwa kuwa haipiti mdomoni, lakini msitoe fetwa nyie. Mkaribisheni imamu wa msikiti wa karibu kituoni kabla ya mwezi kuandama, aoneshwe plasta, aseme yeye. Vareniklini ya mara mbili kwa siku inaweza kugawanywa futari na daku, zote mbili na chakula.

Idd ndiyo inayowaangusha. Simu moja mkesha wake, na plasta zisikatike kwa sababu mfungo umekwisha.

---

Akili_na_Uraibu

Dawa zimezungumzwa vizuri, ila kuna moja halijatajwa na ni la hatari. Moshi wa tumbaku unalifanya ini livunje dawa fulani haraka. Ni moshi, si nikotini, kwa hiyo plasta haizuii. Mtu akiacha kuvuta, ndani ya wiki moja hivi dawa hizo zinapanda damuni hata dozi haijabadilika. Klozapini na olanzapini, dawa za maradhi ya akili, ndizo za kwanza. Kwa klozapini wengi hupunguza kama robo ya dozi katika wiki ya kwanza, wakimuangalia mgonjwa kwa usingizi mzito, mate mengi, kukakamaa. Aminofilini na theofilini kwa wenye pumu nazo hivyo hivyo. Mgonjwa aliyetoka hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu akaja kwenu kwa presha na mkampangia siku ya kuacha, wapigieni simu waliomuandikia dawa kabla ya siku hiyo. Na akirudia kuvuta, dozi nayo irudi ilikokuwa.

Kwenu nyie wa kisukari: anayejichoma insulini akiacha sigara, mwili unaweza kuipokea insulini vizuri zaidi. Apime sukari mara nyingi zaidi wiki mbili za mwanzo.

Na kahawa. Kafeini inavunjwa na ini kwa njia ile ile, kwa hiyo vikombe vile vile alivyokuwa akinywa kibarazani, baada ya kuacha vinakaa damuni karibu maradufu. Mikono inatetemeka, usingizi hakuna, hasira juu. Mgonjwa anasema "kuacha sigara kumenitia wazimu", nanyi mnadhani ni kiu ya nikotini na kumuongezea dozi. Mwambieni tangu siku ya kuacha apunguze kahawa nusu, na ya usiku aiache kabisa.

---

Muuguzi_Kaskazini

Hilo la kahawa hatukuwa nalo kabisa. Jee, ikiwa plasta na chingamu zimekwisha kituoni, mtu keshawekewa siku, tumuahirishe?

---

Tabibu_Kusini

Msimuahirishe. Siku ibaki, ushauri uongezwe: simu kila siku kwa siku tano za mwanzo badala ya moja. Kiu moja inapanda na kushuka kwa dakika 3 hadi 5. Ajue mapema atafanya nini dakika hizo, maji ya kunywa, kuondoka pale alipo, kutia udhu. Hata sigara ya kuazima asiwe nayo. Kibaraza cha wavutaji akikimbie wiki mbili, au akae upande wa pili wa upepo. Mwambieni na mkewe kwamba hasira, njaa na choo kigumu ni vya wiki mbili hadi nne, asije akamwambia "bora uvute tu". Dawa zikifika katikati, aanze nazo hapo hapo, hata akiwa siku ya kumi.